Taa ya Jua na Deni la Nyumba



Kwa miezi kadha sasa wazazi wa watoto tunaowasomesha wamekuwa wakituuliza juu ya vyombo vya umeme wa jua vinavyouzwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Mawakala wapita nyumba kwa nyumba, khasa katika vijiji vya pwani yetu ya Kenya ambako nguzo za stima hazijafika, nao wasema: leta fedha kidogo leo, taa iwake leo, na zilizobaki utalipa siku kwa siku kwa simu yako. Wengine wamekwisha kununua, na wengine wangali wakipima. Waulizao wauliza mambo matatu. Je, vyombo hivi vyafaa? Je, bei yake ni ya haki? Na je, biashara yenyewe yasihi katika sheria yetu, maadam bei ya mkopo yazidi bei ya fedha taslimu?

Mambo haya ndiyo tutakayoyaeleza mwezi huu. Nasi twapenda mwenye nyumba ayasome pamoja na mkewe na vijana wake, kwani deni likiingia nyumbani huwa ni la wote, hata kama sahihi ni ya mmoja.

Tangu mwanzo twasema neno letu wazi. Taa ni kheri, na kibatari ni adui wa macho, wa kifua na wa paa la makuti. Lakini anayenunua taa kwa njia hii hanunui taa peke yake. Anunua na deni. Basi na alijue deni kama anavyoijua taa.

BIASHARA HII ILIVYOANZA

Wako wanaodhani kuwa umeme wa jua umekuja juzi. Sivyo. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi wa Kimarekani aitwaye Harold Burris, pamoja na mwalimu kijana aitwaye Mark Hankins, walitia umeme wa jua katika shule ya sekondari ya Karamugi huko Meru, na wakawafundisha mafundi wa huko kazi hiyo. Mafundi wakaiendeleza majumbani. Wanunuzi wa mwanzo walikuwa wakulima wenye mashamba ya chai na kahawa, walimu wa shule, na wenye maduka vijijini.

Wakati huo hapakuwa na mkopo wa simu, wala msaada mkubwa wa serikali. Ilikuwa biashara ya dukani tu. Mtu alinunua paneli ndogo ya wati 12 au 14, betri iliyofanana na ya gari, waya na taa mbili, na mara nyingi televisheni ndogo isiyo na rangi. Akipata fedha mwakani aliongeza. Kwa njia hiyo ya pole pole, mpaka kufikia mwaka 2000 wataalamu walikadiria kuwa nyumba zaidi ya 150,000 za Kenya zilikuwa na umeme wa jua. Nchi chache sana katika Afrika zilizokuwa na soko kama hilo.

Lakini penye soko hapakosi mwenye kughushi. Mwaka 1999 wataalamu walizipima paneli zilizokuwa zikiuzwa nchini, nao wakaona kuwa nyingi zilikuwa sawa, illa aina moja ilitoa nguvu pungufu sana kuliko ile iliyoandikwa juu yake. Mnunuzi wa kijijini angelijuaje? Paneli mbaya haivuji wala haipasuki. Yakaa juu ya paa yang'aa kama nzuri, na mwenye nyumba alaumu betri, au alaumu fundi, au alaumu mawingu. Hii ndiyo ghishi ngumu kuliko zote, ile ambayo mwenye kughushiwa haioni.

KILICHOBADILI MAMBO

Baadaye yalikutana mambo manne kwa wakati mmoja. La kwanza, bei ya paneli duniani ilishuka mno. La pili, zilitokea balbu za LED, ambazo kwa umeme mchache sana hutoa mwanga mwingi. Basi paneli ya wati 8 au 10 ikawa yatosha taa tatu au nne, redio na kuchaji simu. La tatu, mwezi wa Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa, na mtu wa kijijini akaweza kulipa shilingi hamsini bila ya kupanda gari kwenda mjini. La nne, waundaji walitia ndani ya chombo kifaa kidogo kama kufuli: ukilipa chafunguka, usipolipa chafungika.

Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza kwa mtindo huu nchini Kenya mwaka 2012, na nyingine nyingi zikafuata, hapa na Tanzania na Uganda na Rwanda. Athari yake yaonekana katika hesabu ya watu. Katika sensa ya mwaka 2009 nyumba zilizotumia jua kwa taa hazikufika 2 katika kila 100. Katika sensa ya mwaka 2019 zilikuwa 19 katika kila 100. Kwa miaka kumi tu mamia ya maelfu ya nyumba zimetoka katika kibatari, na hilo ni jambo la kushukuriwa.

Hata hivyo yafaa tutambue lililogeuka. Muuzaji wa zamani alikuwa muuza vyombo. Akikwisha kukuuzia, mmeachana. Muuzaji wa leo ni mkopeshaji pia, na chombo ni mlango wa mkopo. Ndiyo maana ukikaribia kumaliza deni la taa, huletewa khabari ya televisheni, na ukimaliza ya televisheni huletewa ya simu, na baada ya simu huletewa mkopo wa karo. Si kosa mtu kuuza. Lakini mnunuzi naye na ajue kuwa anayempenda kwa kulipa vizuri ampenda ili akope tena.

TUPIGE HESABU

Twachukua mfano, si bei ya kampuni yo yote. Tuseme malipo ya kwanza ni shilingi 3,000, kisha shilingi 50 kila siku kwa siku 420. Wengi husikia "hamsini kwa siku" na wasisikie zaidi. Hamsini mara 420 ni 21,000. Ongeza zile 3,000, yawa 24,000. Hiyo ndiyo bei ya taa, si hamsini. Tuseme tena kuwa chombo kinacholingana nacho chauzwa dukani kwa taslimu shilingi 14,000. Basi mnunuzi wa mkopo amelipa 10,000 zaidi kwa ajili ya kupewa muda.

Je, amepata hasara? Si lazima. Tutazame alichokuwa akitumia zamani. Tuseme mafuta ya taa yalimla shilingi 30 kila siku, na kuchajisha simu kwa mwenye duka shilingi 20 kila baada ya siku moja, yaani 10 kwa siku. Jumla ni 40. Kwa siku 420 hizo ni 16,800. Maana yake ni kuwa katika muda wote wa kulipa deni, nyumba hii yatoa fedha nyingi zaidi kuliko ilivyokuwa ikitoa kwa kibatari. Haijapata faida ya fedha bado; imepata mwanga bora na hewa safi, lakini mfukoni imepungukiwa.

Faida ya fedha yaja baadaye. Gawa 24,000 kwa 40, utapata siku 600. Mpaka siku ya 600 chombo chalipa gharama yake. Kuanzia siku ya 601 chaanza kumtajirisha mwenyewe. Kikiishi miaka minne, ambayo ni siku 1,460, mafuta na chaji vya muda huo vingalikuwa shilingi 58,400, naye ametumia 24,000. Hapo amepata faida kubwa. Lakini kikifa siku ya 500, amelipa deni lote, na amerudi katika kibatari, na fedha zimepotea.

Basi hapa ndipo penye kiini cha mambo yote: kheri ya biashara hii haiko katika siku ya kwanza taa inapowaka, wala katika siku ya mwisho ya deni. Iko katika miaka ya baada ya deni. Kwa hivyo swali kubwa kuliko la "shilingi ngapi kwa siku" ni hili: chombo hiki kitaishi muda gani, na kikiharibika nani ataninyoshea mkono?

JE, YASIHI KATIKA SHERIA?

Wengi wadhani kuwa kila bei ya mkopo iliyozidi bei ya taslimu ni riba. Sivyo. Riba ni ziyada inayopandishwa juu ya deni. Na hapa kilichopo ni kitu kinachouzwa kwa bei. Wengi wa wanazuoni wa madhehebu manne wamejuzisha kuuza kitu kwa bei ya juu kwa kuwa malipo yatakawia, kwa sharti bei iwe moja, ijulikane, na muda wake ujulikane kabla ya muuzaji na mnunuzi kuagana. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao yake Jeddah lilitoa uamuzi wa namna hiyo katika kikao chake cha sita, mwezi wa Machi 1990.

Lakini baraza hilo hilo lilisema mambo mawili mengine ambayo mnunuzi yampasa kuyashika. La kwanza, mdeni akichelewa, si halali kumwongezea deni kwa sababu ya kuchelewa. La pili, muuzaji akikwisha kuuza hana haki ya kukibakisha kitu katika miliki yake. Aweza kukishika rehani mpaka alipwe, lakini mwenye kitu ni mnunuzi.

Sasa na tuutazame mkataba. Katika nyingi ya biashara hizi, siku usiyolipa ni siku ya giza tu: deni halipandi, ila tarehe ya kumaliza yasogea mbele. Hilo ni afadhali kuliko mikopo mingi ya simu iongezekayo kila juma. Lakini iko mikataba yenye ada ndani yake, na iko isemayo kuwa chombo ni cha kampuni mpaka shilingi ya mwisho, au kuwa mtu amekodi tu. Kukodi kuna hukumu zake na kuuza kuna hukumu zake. Hatusemi kuwa kila mkataba wa namna hiyo ni haramu. Twasema mwenye kuona maneno hayo, au asiyefahamu lugha yake, na ampelekee karatasi mwanachuoni anayemwamini kabla ya kutia sahihi, si baada ya kutia.

Tena tukumbushane jambo moja. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya 282 katika Sura ya Al-Baqara. Nayo haikuja kwa mambo ya vita wala ya mirathi, bali kwa kuandika deni na kulishuhudia. Ajabu ni kuwa twaihifadhi aya hiyo vyuoni, kisha twaingia katika deni la miezi kumi na minne kwa kubonyeza simu mara mbili, na karatasi hatunayo.

MVUVI NA MSIMU WA KUSI

Twamjua mvuvi mmoja aliyenunua taa katika msimu wa kaskazi, bahari ilipokuwa shwari na samaki wengi. Alitoa malipo ya kwanza bila taabu, na kwa miezi mitatu hakukosa siku hata moja. Kisha ikaingia kusi. Bahari ikachafuka, vyombo vikapandishwa pwani, na ile hamsini ya kila siku ikawa ni hamsini ya unga. Alilipa siku mbili akakosa tano. Mwanawe akawa aja chuoni asubuhi na sabaki ambayo hakuidurusi usiku. Yule mvuvi akamtafuta wakala wa kampuni, ambayo hatuitaji, ili aulize kama kuna nafuu. Wakala alikwisha kuhamishwa, na nambari aliyoachiwa haikuwa ikipokewa.

Mtu huyu hakuwa mvivu wala mwongo. Deni lilipangwa kwa mtu apataye kila siku sawa, na yeye apata kwa msimu. Mvuvi ana kusi yake, mkulima ana miezi yake kabla ya mavuno, mwenye kazi ya watalii ana miezi ya hoteli kufungwa. Dawa yake ilikuwako, lakini hakuna aliyemwambia: aghlabu ya kampuni hukubali mtu kulipa siku nyingi mbele. Lau katika kaskazi angalilipa shilingi 100 badala ya 50 kila apatapo, angaliingia kusi na siku tisini mfukoni.

Basi mwenye mapato ya msimu na ayapime malipo kwa mwezi wake mbaya, si kwa mwezi wake mwema. Na akiona mwezi mbaya hauyabebi, achague chombo kidogo zaidi, au anunue kwa taslimu kwa njia tutakayoitaja.

NJIA YA UPATU

Akina mama wa pwani wanaijua njia hii kabla ya kampuni zote hizi kuzaliwa. Nyumba kumi zikishirikiana katika upatu, kila moja ikatoa shilingi 1,400 kwa mwezi, kila mwezi hupatikana 14,000, na nyumba moja hununua chombo kwa taslimu. Baada ya miezi kumi nyumba zote kumi zina taa, na kila moja imeokoa zile 10,000 za mfano wetu. Tena anayenunua vyombo kumi katika duka moja husikizwa akiomba bei ipunguzwe.

Twasema haki: wa kumi atangoja miezi kumi katika giza, ilhali kwa mkopo angaliwasha leo. Pia upatu wataka watu wanaoaminiana. Mwenye mtoto wa mtihani mwaka huu huenda akaona ni bora kulipa zaidi asingoje. Hilo ni lake. Ila na achague akijua bei ya kutongoja.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA SAHIHI

Kwanza, jumla ni ngapi mpaka mwisho? Usikubali jibu la "kwa siku". Iandikwe nambari moja.

Pili, nikichelewa kutatokea nini? Je, deni lapanda? Je, waja kukichukua chombo, na baada ya siku ngapi? Na nikinyang'anywa, nilichokwisha kulipa kitarudishwa kiasi gani?

Tatu, dhamana ni ya muda gani, nayo yafunika betri au paneli tu? Betri ndiyo hufa mwanzo. Dhamana inayokwisha kabla ya deni si dhamana. Katika mfano wetu yafaa ifike siku 600 au zaidi.

Nne, siku ya mwisho nikimaliza, kufuli yafunguka moja kwa moja na kubaki wazi daima? Nitapewa karatasi ya kuonyesha kuwa nimemaliza?

Tano, fundi wenu yuko mji gani? Si nambari ya simu tu, bali duka na mtu.

Sita, chombo kimepimwa? Mwaka 2007 Benki ya Dunia na shirika lake la IFC walianzisha mpango wa Lighting Africa, ambao ulianzisha upimaji wa taa hizi, na tangu mwaka 2020 kazi ya kuvithibitisha vyombo vilivyofaulu yafanywa chini ya jina la VeraSol. Mwulize muuzaji kama chake kimo katika orodha hiyo. Kijana mwenye simu aweza kuitazama kwa dakika chache.

Muuzaji mwaminifu hakasiriki kwa maswali haya. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

KAMPUNI NAZO HUFA

Jambo jingine watu hawalifikiri. Deni la miezi kumi na minne na dhamana ya miaka miwili ni ahadi, na mwenye kuahidi aweza kufilisika. Mwaka 2019 kampuni ya Kijerumani ya Mobisol, iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, Rwanda na Kenya, iliingia katika kufilisika, ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Safari hiyo alipatikana wa kuibeba. Si kila safari hupatikana. Kwa hivyo ni bora chombo ambacho betri yake na balbu zake zaweza kupatikana kwa fundi ye yote, kuliko kile ambacho hakikubali kipuri ila cha kampuni yenyewe.

Kodi nazo hubadilika. Vyombo vya jua viliingizwa katika kodi ya thamani mwaka 2013, vikaondolewa mwaka 2014, vikarudishwa mwaka 2020, na vikaondolewa tena mwaka 2021. Kila kodi ipandapo, bei yaangukia kichwani mwa mnunuzi.

Upande wa pili, serikali ilianzisha mpango uitwao KOSAP, ulioidhinishiwa na Benki ya Dunia dola milioni 150 mwaka 2017, kwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma. Miongoni mwazo ni Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu, Garissa, Wajir na Mandera. Wasomaji wetu wengi waishi humo. Viongozi wa misikiti na wa mitaa na waulize katika ofisi za kaunti zao kama mpango huo ungali ukiendelea, na ni kampuni gani zinazoungwa mkono nao, na kwa masharti gani, kwa maana haki isiyoulizwa hupita mlangoni.

Na stima ya nguzo ikija? Hapa tuna somo kutoka kwa ndugu zetu wa Bangladesh. Tangu mwaka 2003, chini ya shirika la IDCOL, nyumba zaidi ya milioni nne za vijijini zilitiwa umeme wa jua kwa mikopo. Mpango mkubwa kama huo haukuwa umeonekana duniani. Kisha serikali ikapeleka nguzo vijijini kwa kasi, na mauzo yakaanguka. Wengi wakajikuta wana stima ukutani na deni la jua mkononi, na wengine wakaacha kulipa. Basi mwenye kuona nguzo zasimamishwa kijiji cha pili, na asiingie katika deni kubwa la televisheni na friji za jua. Achukue chombo kidogo cha taa, ambacho hata stima ikija kitamfaa siku inapokatika.

KUKITUNZA

Tumesema faida iko katika miaka ya baada ya deni, na miaka hiyo hupatikana kwa matunzo. Paneli isiwe chini ya kivuli cha mwembe wala mnazi. Kivuli kidogo juu ya kona moja hupunguza nguvu nyingi. Ilazwe kwa mteremko kidogo ili mvua iioshe, na ifutwe vumbi na chumvi ya bahari kwa kitambaa kilicholowa. Katika masika jua ni chache, basi redio na taa zisizo na kazi zizimwe mapema, kwa maana betri inayomalizwa kabisa kila usiku hufa upesi. Chombo kisifunguliwe na mtu asiyekijua, kwani kukifungua aghlabu huvunja dhamana. Na betri iliyokufa isitupwe jalalani wala isipewe watoto wachezee. Zile za zamani zina risasi na tindikali ndani yake, na zote zataka kurudishwa kwa muuzaji au kwa anayezikusanya.

NENO KWA VIJANA

Nanyi vijana wetu, kila paa yenye paneli ni kazi ya mtu: kuna wa kuuza, wa kufunga, wa kutengeneza, wa kubadili betri. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka mfungaji wa umeme wa jua awe na leseni, nazo zatolewa kwa madaraja, na vyuo vya ufundi vyafundisha kazi hiyo. Yule mvuvi wetu hakukosa taa wala hakukosa nia. Alikosa mtu wa karibu anayekijua chombo na anayeujua mkataba. Kijana mmoja katika kila kijiji aliyesoma kazi hii, akawa mkweli katika bei na mwepesi wa kuitikia anapoitwa, atakula halali yake na atawaondolea wazazi wake udhia mwingi kuliko wakala kumi wapitao.

Na wenye kuuza miongoni mwenu, tajeni bei nzima kabla ya kutaja ya siku. Mtu akiisikia akaondoka, mmepoteza mauzo ya siku moja. Mkiificha akaijua baadaye, mmempoteza yeye na mtaa wake, na mna hesabu nyingine ya kuitoa pasipokuwa na wakala wala kufuli.

Kwa wenye nyumba, usiku wa leo kabla hamjalala, chukueni kalamu. Andikeni mwatumia nini kwa mafuta, kwa chaji na kwa mishumaa kwa mwezi. Andikeni mwezi wenu mbaya waleta nini. Kisha ndipo mumwite wakala. Atakayekuja kuwauzia mwanga na awakute mmekwisha kuwasha wa kwanza, nao ni wa hesabu.

Wabillahi tawfiq.